Goma: Pointi nzuri za sekondari zinajengwa kila juma, hazingoji usiku wa mutihani

Kila mara buletini zinatoka katika shule za Goma, wazazi wengi wanafanya kitu kimoja. Wanafungua karatasi na macho yanashuka moja kwa moja chini: asilimia ngapi? Nafasi ya ngapi kati ya wanafunzi wangapi? Kama ni chini ya 50, kelele inaanza nyumbani. Kama ni 55, watu wanapumua, na buletini inarudishwa katika kabati mpaka ingine itoke.

Lakini ile asilimia ni mwisho wa hesabu ambayo ilianza zamani. Fasi mutoto alipotezea pointi, na njia ya kuzirudisha, vinaonekana katika mistari ya juu ya ile buletini na ndani ya makaye yake. Muzazi na mwanafunzi wanaojua ginsi pointi zinahesabiwa wanaweza kutengeneza mambo mapema, mbele mwaka haujaisha.

Pointi zinatoka wapi?

Katika sekondari ya Kongo, mwaka wa masomo uko na semestre mbili. Kila semestre iko na periode mbili na mutihani mumoja. Pointi za periode zinatoka katika interogasio, yaani mitihani midogo ambayo mwalimu anatoa katikati ya masomo, pamoja na kazi za nyumbani na mazoezi ya kelasi. Mutihani wa mwisho wa semestre uko na uzito wa periode mbili.

Tuseme somo moja liko na maksima 20 kwa periode. Periode ya kwanza ni 20, ya pili ni 20, mutihani ni 40. Jumla ya semestre ni 80. Maana yake, asubuhi mwanafunzi anaingia katika mutihani, nusu ya pointi za semestre imekwisha kuandikwa. Hata akikesha namna gani, ile nusu haibadiliki tena.

Tuchukue mufano wa wanafunzi watatu. Wa kwanza alipata 8 na 9 katika periode, kisha 25 katika mutihani. Anafikisha 42 juu ya 80, ni kusema asilimia 52 na nusu. Wa pili alipata 14 na 15, na katika mutihani akapata 25 sawasawa na mwenzake. Yeye anafikisha 54, ni kusema asilimia 67 na nusu. Siku ya mutihani wote wawili walikuwa sawa. Kilichowatofautisha ni interogasio za katikati.

Wa tatu alipata 6 na 6. Kama anataka kufikisha asilimia 60, anapaswa kupata 36 juu ya 40 katika mutihani. Hiyo ni asilimia 90, kwa mutu ambaye tangu mwanzo alikuwa kwenye asilimia 30. Ndiyo sababu wanafunzi wengi wanakesha juma la mutihani, wanasoma kwa nguvu kweli, na buletini inatoka palepale.

Kuna kitu kingine wengi hawaangalii. Masomo hayana uzito mumoja. Katika buletini yanapangwa kufuata maksima yao. Pointi zilizopotea katika somo la maksima kubwa zinashusha asilimia zaidi kuliko zile za somo dogo. Mara nyingi masomo makubwa ni yale ya option yenyewe. Mwanafunzi anayepata vizuri sana katika masomo madogo na kuanguka katika yale ya option yake anaweza kushangaa kuona asilimia yake haipandi.

Goma, pointi zinapotea ginsi gani?

Wazazi wengi wanasema haraka kwamba mutoto ni mvivu. Wakati mwingine ni kweli. Lakini katika muji huu kuna sababu zingine nne ambazo zinakula pointi kimyakimya.

Ya kwanza ni siku za kufukuzwa juu ya feza. Tangu mwaka 2019 masomo ya msingi katika shule za Serikali yalitangazwa kuwa bure, lakini katika sekondari mzigo mukubwa umebaki kwa familia. Mwanafunzi akirudishwa nyumbani siku ya interogasio, anaweza kuandikiwa zero, hata kama alikuwa amejifunza vizuri. Na akikosa siku tatu, anakosa pia maelezo ambayo interogasio ya juma linalofuata itajengwa juu yake. Muzazi ambaye anajua kwamba hatakuwa na feza mwisho wa mwezi, ni vizuri amwone prefe mbele ya ile siku, sio nyuma. Aombe kulipa kidogo kidogo, na aombe mutoto afanye interogasio alizokosa. Sio kila shule itakubali, lakini aliyeenda mapema anasikilizwa zaidi kuliko yule anayekuja na hasira siku buletini inatoka.

Ya pili ni masomo kukatika. Mwanafunzi anayemaliza sekondari leo katika Goma amepitia mambo mingi. Mwezi wa tatu 2020 shule zilifungwa nchi nzima juu ya Covid-19. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 volkano Nyiragongo ililipuka, na siku tano nyuma yake wakaaji wa kartie nyingi waliamriwa kuhama; familia zilikimbilia Sake, Minova, Rutshuru na hata Rwanda. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, wakati M23 iliingia katika muji, shule zilifungwa tena, kisha zikafunguliwa kidogo kidogo. Kila mara programu inakimbizwa ili kufika mwisho, na sura zingine zinapita juujuu. Mwanafunzi anafika katika mwaka wa juu na matundu ambayo hakuyachimba mwenyewe. Anayeshindwa ekwasio katika humanite ya tatu, mara nyingi shida yake iko katika sehemu na alama za kutoa ambazo alipaswa kuzijua katika mwaka wa saba ao wa nane.

Ya tatu ni kazi za nyumbani zenyewe. Katika kartie ambazo maji ya bomba hayafiki vizuri, watoto wanashuka na bidoni mpaka kwenye ziwa ao wanapanga mustari kwenye robine. Mangaribi wengine wanauzisha mbele ya nyumba. Umeme unakatika. Saa mutoto anafungua kaye, mwili umekwisha kuchoka na tochi ya simu iko na moto kidogo.

Ya nne ni luga. Watoto wengi wa Goma wanazungumza Kiswahili nyumbani, barabarani na hata wakati wa mapumziko. Lakini masomo ya sekondari na mitihani yake ni katika Kifaransa. Kuna mwanafunzi anayejua jibu lakini hakuelewa ulizo. Mwingine alishika sentensi za kaye kama kasuku bila kujua zinasema nini. Mwalimu akibadilisha neno moja tu, anapotea. Shida hii haionekani katika buletini, lakini iko nyuma ya masomo karibu yote.

Kusoma sio kurudilia kaye

Maneno haya yanasikika sana kwa wanafunzi: “Nilishasoma kaye yote, lakini mbele ya karatasi vyote vikakimbia.” Hawadanganyi. Walisoma kweli. Shida iko katika namna ya kusoma.

Mwaka 1885 Mujerumani mumoja, Hermann Ebbinghaus, alitangaza matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe juu ya akili na kusahau. Alionyesha kwamba mutu anasahau kwa haraka sana katika masaa na siku za kwanza, na kwamba kurudilia kwa kuachanisha siku kunasaidia kuliko kurudilia mara mingi kwa siku moja. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walitoa matokeo mengine. Wanafunzi walisoma maandiko mafupi. Kikundi kimoja kilisoma mara ya pili. Kingine kilifunga karatasi na kujaribu kuandika walichokumbuka. Dakika tano nyuma, waliosoma mara mbili ndio walikumbuka zaidi. Lakini juma moja nyuma, mambo yaligeuka: waliojijaribu walikumbuka karibu asilimia 56, na waliorudilia kusoma asilimia 42.

Hapo ndipo mutego uko. Ukirudilia kaye mara tano, unajisikia kuwa unajua, juu macho yamezoea zile mistari. Ukifunga kaye na kujiuliza, unasikia uchungu wa kutokumbuka. Ule uchungu ndio kazi yenyewe.

Kwa mwanafunzi wa Goma, hii inaweza kufanywa bila kompyuta na bila feza:

Siku ileile ya somo, mbele ya giza kuingia, dakika 15 ao 20 kwa kila somo kubwa. Hapa kwetu karibu na ikweta jua linazama karibu saa kumi na mbili kila siku ya mwaka, kwa hiyo mwanga wa mangaribi ni mali. Heri bidoni la maji liende mbele ao nyuma ya ile saa, lakini saa yenyewe ijulikane na watu wote nyumbani.

Kaye ifungwe. Kwenye karatasi ya zamani, mwanafunzi aandike anachokumbuka: maana ya maneno, formula, mufano mumoja. Kisha afungue kaye na aangalie alichosahau. Kile tu ndicho anarudilia.

Kisha siku mbili tatu, ajiulize tena. Siku ya posho ajiulize tena juu ya mambo ya juma lote. Katika hesabu, fizika na kemia, kujiuliza ni kufanya zoezi upya bila kuangalia jibu la mwalimu. Kusoma zoezi lililokwisha kufanywa na mwalimu ni kama kuangalia mutu anaogelea katika ziwa: haikufundishe kuogelea.

Juu ya luga, ajielezee kwanza somo katika Kiswahili, mpaka lieleweke. Kisha alirudishe katika Kifaransa kwa sentensi fupi zake mwenyewe. Na katika kila kaye awe na ukurasa wa nyuma wa maneno ya maulizo: calculer, justifier, comparer, définir, déduire. Anayejua kwamba “justifier” inaomba sababu, na “définir” inaomba maana, hatapoteza pointi juu ya kujibu kitu ambacho hakikuulizwa.

Makaratasi ya interogasio yasitupwe. Kila kosa lifanywe upya siku mwalimu anapolisahihisha. Mwalimu mara nyingi anarudi katika mutihani na yale maulizo ambayo kelasi ilishindwa. Mwanafunzi mwenye bahasha ya interogasio zake zote, na makosa yaliyotengenezwa, anakuwa na kitabu cha mutihani mkononi bila kununua kitu.

Na usingizi. Kukesha mpaka asubuhi mbele ya mutihani kunaondoa ile nguvu ambayo akili inaitumia kupanga mambo iliyojifunza. Aliyejifunza kila juma anaweza kulala.

Kupanda ni kitu kimoja, kubaki juu ni kingine

Kuna mwanafunzi anayepanda toka 45 mpaka 62 katika periode moja, kila mutu anafurahi, kisha periode inayofuata anarudi 48. Mara nyingi sababu ni moja: alipanda kwa nguvu ya woga, na woga ulipokwisha, kazi pia ikakwisha.

Anayetaka kubaki juu anahitaji kujipima mwenyewe bila kungojea buletini. Ukurasa mumoja unatosha. Aandike majina ya masomo, maksima, na kila pointi ya interogasio siku inapotoka. Kila mwisho wa juma anaona mwenyewe somo gani linashuka. Akianguka katika interogasio mbili za somo moja, asingojee ya tatu. Amwone mwalimu, ao mwenzake anayelielewa vizuri. Juma linalofuata, lile somo ndilo linafunguliwa kwanza, wakati akili ingali na nguvu. Watu wengi wanaanza na somo wanalolipenda, na lile gumu linakuta usingizi.

Kikundi cha kusoma kinasaidia pia, lakini kiwe cha watu watatu ao wanne, na kila mumoja aje na somo la kuwaelezea wengine. Anayeelezea ndiye anafaidika zaidi. Kikundi ambacho mumoja anafanya zoezi na wengine wananakili, kinatoa kaye safi na interogasio mbaya.

Na kama shule zinafungwa tena, juu ya sababu yoyote? Mambo ya kushika ni machache. Makaye ya mwaka huu na ya mwaka uliopita yakae katika mufuko mumoja, wa plastiki kama inawezekana, ambao mutu anaweza kuubeba. Familia nyingi zilizokimbia zilirudi bila kaye hata moja, na mwanafunzi akaanza kutafuta notsi kwa wenzake. Wakati wa kungojea, saa moja kwa siku inatosha kwa kazi moja: kurudilia matundu ya miaka ya nyuma. Ndio wakati pekee ambao programu haimukimbizi mutu.

Pointi ambazo sio za mwanafunzi

Hatuwezi kuzungumza juu ya pointi katika muji huu bila kusema hili. Kuna pointi za kununua, na kuna majibu yanayozunguka katika simu. Familia ingine inaona ni msaada: mutoto amepita, basi. Lakini mwisho wa sekondari kuna Mutihani wa Serikali, Exetat, ambao ni mumoja kwa nchi nzima, na diploma inaomba kufikisha angalau asilimia 50. Mbele yake kuna insha ya Kifaransa, yaani disertasio. Kisha kuna maulizo ya kuchagua jibu katika utamaduni wa jumla, sayansi, luga na masomo ya option. Wanaosahihisha hawamujui mutoto wala baba yake. Aliyenunua pointi kwa miaka mine anafika pale na diploma za wengine katika kichwa, sio elimu yake. Na hata akipita kwa njia za pembeni, mwaka wa kwanza wa chuo kikuu unamungojea.

Kwa wasichana kuna hatari nzito zaidi: mwalimu ao mukubwa anayeomba mwili juu ya pointi. Huo sio “mupango” kati ya watu wawili. Sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 2006 juu ya makosa ya ngono inaazibu pia kusumbua mutu kwa ngono, na sheria ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 inalinda kila mutoto ambaye hajafikisha miaka 18. Msichana anayeombwa hivyo asibaki peke yake na siri. Amwambie muzazi, dada mukubwa ao mwalimu mwanamuke anayemwamini, na ashike ujumbe wote wa simu bila kuufuta. Muzazi naye, akiona mutoto ameanza kuchukia somo moja ao kuogopa kwenda shuleni, aulize kwa upole mbele ya kugombeza.

Muzazi ambaye hakusoma anaweza kusaidia?

Wengi wanafikiri hapana. Baba anayesukuma chukudu tangu asubuhi, ao mama anayetoka sokoni na giza, watafundisha kemia ginsi gani? Hawaombwi kufundisha. Wanaombwa vitu vitatu.

Kwanza, kulinda ile saa ya mangaribi. Mutoto asitumwe mara tano katika ile saa moja.

Pili, kuuliza ulizo moja wakati wa kula: “Leo balibafundisha nini ku masomo? Unielezee na maneno yako.” Mutoto aelezee katika Kiswahili. Muzazi hahitaji kujua somo. Atasikia mwenyewe kama mutoto anatembea sawasawa ao anajikwaa. Fasi anajikwaa, ndipo kesho anapaswa kumuuliza mwalimu.

Tatu, kuomba kuona interogasio kila mwisho wa juma, hata zile mbaya. Na hapa namna ya kupokea ni muhimu. Mutoto anayepigwa juu ya 6 juu ya 20 atajifunza kuficha karatasi, na muzazi atajua shida siku ya buletini, wakati ile nusu ya pointi imekwisha kuandikwa. Mutoto anayeulizwa “hapa ulikosea nini, na umeshatengeneza?” ataileta na ile ya juma linalokuja.